Tupeane uzoefu: Wachina wa Indonesia na swali la nani mlinzi wao

Ndugu zangu, mada hii ni ya walioishi au kupita palipo na jamii za watu wenye asili ya Kichina, ili kila mmoja aeleze alichokiona mwenyewe. Naanza na langu.

Nilifika Jakarta Januari 2003 kwa masomo, nikapanga chumba karibu na Glodok, mtaa wa Wachina, kwa bibi mmoja mjane mwenye asili ya Kichina, ambaye wapangaji wote tulimwita Oma. Kabatini mwake, chini ya mashuka, kulikuwa na bahasha ya plastiki yenye karatasi iitwayo SBKRI, yaani hati ya kuthibitisha uraia wa Indonesia, pamoja na nakala zake zisizopungua ishirini. Oma alizaliwa Indonesia na mama yake alizaliwa huko huko. Hata hivyo, kila alipotaka pasipoti au kumwandikisha mtoto shule alidaiwa karatasi hiyo, ambayo jirani yake Mjava hakuwahi kuisikia hata kwa jina. Sharti hilo lilifutwa kwa amri ya rais mwaka 1996, lakini makarani waliendelea kuidai kana kwamba habari haijawafikia. Na hii ni nchi ambayo medali zake za kwanza za dhahabu za Olimpiki, Barcelona 1992, zililetwa na Susi Susanti na Alan Budikusuma, wote wawili wa asili hiyo.

Mwaka niliofika ndio Mwaka Mpya wa Kichina ulipoadhimishwa mara ya kwanza kama sikukuu ya taifa. Kabla ya Rais Abdurrahman Wahid kuifuta, mwaka 2000, amri iliyotolewa 1967, hata ngoma ya simba haikuruhusiwa barabarani. Tuliisikia ikipita mtaani, lakini Oma hakutoka kuitazama. Aliniuliza tu kama mlango wa chuma nimeufunga.

Baharia mstaafu, Tanga

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Mei 1998 meli yetu ilikuwa imefunga gati Tanjung Priok, bandari ya Jakarta. Tarehe 12 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Trisakti walipigwa risasi wakaaga dunia, na siku iliyofuata ghasia dhidi ya Wachina zikazuka, moshi ukaanza kupanda mjini. Tulipokubaliwa kushuka, wakala wa meli alinipitisha mtaa wa maduka ambako milango mingi ilikuwa imeandikwa kwa rangi *Milik Pribumi*, maneno aliyonifasiria kuwa ni "mali ya mwenyeji". Kwenye duka moja mwandishi alikuwa na haraka hata mlango ukamwishia, herufi mbili za mwisho akazimalizia ukutani. Duka la pili yake lilikuwa limeandikwa vile vile, na limeungua vile vile. Timu ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ilithibitisha baadaye kwamba wanawake wa Kichina walibakwa. Hayo sikuyaona, na sitayasimulia.

Wakala mwenyewe alikuwa wa asili hiyo. Nilimuuliza kwa nini asikimbilie ubalozi wa China, akanijibu, "Nikaseme nini, mzee? Wataniomba pasipoti." Kisha akanieleza kwamba mwaka 1955 Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, na Sunario, waziri wa mambo ya nje wa Indonesia, walitia saini mkataba wa kuondoa uraia wa nchi mbili, kila mtu achague upande mmoja, na baba yake akachagua Indonesia. Kwa Beijing, basi, yeye alikuwa raia wa watu; kwa waliochoma mtaa ule, alikuwa mgeni.

Mchangiaji aliyesoma Haikou, China

Mimi nimekutana na waliochagua upande wa pili. Mwaka 1959 Indonesia ilipiga marufuku wageni kufanya biashara ya rejareja vijijini, na China ikatuma meli kuwachukua watu wake. Waliorudi ni zaidi ya 100,000. Baadhi walipelekwa mashamba ya serikali, na moja wapo ni Xinglong, kisiwani Hainan, nilikopelekwa na rafiki wa darasani. Nilitegemea kukuta Wachina kama wengine. Nikakuta wazee wanaokunywa kahawa nzito, wanakula keki za wali zilizofungwa kwenye majani, na wanagombana kwa Kiindonesia. Babu mmoja alitania kwamba Indonesia walimwita Mchina na Hainan wakamwita Mwindonesia. Hakutania aliposimulia Mapinduzi ya Utamaduni ya China, enzi za Mao, ambapo kuwa na ndugu ng'ambo kulitosha kumfanya mtu ashukiwe ujasusi. Sikujua la kumjibu, nikamwongezea kahawa.

Mchangiaji wa Kampala

Hilo la karatasi kwetu si geni. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90, na hata wenye uraia wa Uganda walipangishwa foleni kuhakikiwa. Wenye pasipoti za Uingereza angalau walikuwa na pa kugonga. Baadhi ya waliokataliwa walibaki bila nchi yoyote, hadi Umoja wa Mataifa ulipowapeleka kambini Ulaya.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Haikou, kaka yake Oma alipanda mojawapo ya meli hizo mwaka 1960. Barua yake ya mwisho, iliyotoka Hainan, ilifika kabla ya uhusiano wa nchi hizo mbili kukatika mwaka 1967, na ndani yake aliomba atumiwe miwani. Je, pale Xinglong uliona popote orodha ya familia za kwanza?