Kikundi chetu cha walemavu chaanza kutawanyika tena. Nyinyi wakati wa korona mlishikana vipi?

binti_likoni:
Hamjambo nyote. Mimi niko Likoni, natumia kiti cha magurudumu, tuna kikundi chetu tuko 14, karibu nusu ni vijana wenye ulemavu wa akili. Twakutana mara moja kwa mwezi twaongea mambo yetu wenyewe, kadi ya ulemavu, basari, nani kanyanyaswa wapi. 2020 tulikufa kabisa. Ile 8 Aprili walipofunga Mombasa hakuna kuingia hakuna kutoka, wenzetu wawili wakabaki upande wa Kwale, tukafungua grupu ya WhatsApp, wiki ya kwanza moto, wiki ya tatu imebaki dua na poster za kunawa mikono. Tulipokuja kuonana mmoja alikuwa ashapelekwa kwao bara zamani na hakuna aliyejua.

Sasa tangu mpox iingie nchini 2024 kuna wazazi watatu wamesema watoto wao hawatoki. Hao "watoto" mdogo wao ana miaka 27 lkn hayo tuyaache. Safari hii hakuna kilichofungwa ila naona twaelekea kulekule. Kwenu ni kitu gani kilishika? Na msinambie Zoom tafadhali.

vidole_husoma:
Dada pole. Zoom tulijaribu, ile ya bure ni dakika 40, inakatika watu bado wanasalimiana 😂 Mimi sioni, na hizo poster ndo ziliniua, TalkBack, ile sauti ya simu inayotusomea, inafika pale inasema "picha" basi, picha ya nini? Siku nzima picha, picha, picha. Tukapiga marufuku poster, ukiwa na habari rekodi sauti useme.

Kilichotusaidia ni kupigiana, simu ya kawaida hata kabambe ya kubonyeza inashika. Kila mtu alikuwa na watu wake wawili, Jumatano lazima awapigie, asipompata siku mbili anamwambia katibu. Kredit tulichanga, na mwaka ule M-Pesa walitoa ada kwa pesa isiyozidi 1,000 kwa hivyo mtu akituma 200 inafika 200. Sasa hivi ada imerudi, hiyo muipangie.

mikono_inasema:
Simu ya kupigiana kwetu viziwi haitusaidii kitu, msisahau. Sisi ni video ya dakika moja, unarekodi unatuma, mwenzako anaangalia akipata bando, video call ilikuwa inamaliza bando ya watu. Na barakoa mkirekodi toeni, kwa ishara uso ni sehemu ya lugha, nyusi tu zinageuza sentensi kuwa swali. Habari za serikali tulikuwa tunasubiri mmoja mwenye TV kubwa, mkalimani alikuwa kwa kaboksi pembeni na maandishi yanapita juu ya mikono yake, akishaelewa anaturekodia sisi wote.

mama_K:
Mimi ni mmoja wa hao wazazi mnaowasema, si wa Likoni lakini. Mwanangu naosha mimi, navisha mimi. Mpox inapita kwa ngozi, kwa nguo, kwa shuka. Nikiugua mimi nitengwe, nani atamshika? Mkinijibu hilo nitamwachilia.

binti_likoni:
Mama nakuelewa wallahi, na mimi nabebwa kupanda matatu. Hilo la nani atamshika hata sisi hatujawahi kulizungumza, tutaliweka mbele kwa kikao. Lkn akikaa ndani asikose wenzake basi.

juma_mwenyewe:
Mimi niko na ulemavu wa akili. Naandika pole pole.
Wakati wa korona simu ilikuwa ya mamangu. Watu wa kikundi wakipiga wanauliza Juma yuko aje. Mamangu anasema yuko sawa. Mimi nimekaa hapo. Mimi sikuwa sawa. Nilikuwa naogopa na sikuwa nalala. Sikuweza kusema mama akisikia.
Halafu kikundi wakaninunulia kabambe. Nikishikilia 2 inapigia rafiki yangu. Nikishikilia 3 inapigia mwenyekiti. Naenda nyuma ya nyumba kwa kuku naongea.
Uliza simu ni ya nani.

vidole_husoma:
Juma umemaliza. Sisi tulikuwa tunaandika "amepatikana, yuko sawa" na aliyeongea ni mamake 🙈

binti_likoni:
Nimetoa daftari sasa hivi. Namba 14, tano ni za wazazi, moja ni ya shangazi, na moja ni ya jirani mwenye duka ambaye sidhani hata amjua vizuri huyo kijana wetu. Na hao watatu waliozuiwa wote wamo humo humo.

Juma ahsante sana kaka. Hiyo kushikilia namba nani alikuwekea, na mlikuwa mwachaji wapi, nyumbani ama kwa fundi? Na kabambe za mtumba zenye betri nzuri huko kwenu zaenda ngapi?

juma_mwenyewe:
Aliweka mwenyekiti. Nachaji kwa kinyozi. Bei nitamuuliza.