Mtu mzima hali mboga na matunda ya kutosha: kakosa elimu au kakosa fedha?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Nina msimamo katika hili na nautaja mapema, anayetaka kuupinga asipate shida ya kuutafuta. Serikali zinazotaka watu wazima wale mboga na matunda zaidi ziache kumwaga fedha kwenye mabango na matangazo. Zipeleke fedha hizo kwenye bei anayolipa mtu wa kipato cha chini. Ujumbe umeshawafikia watu, matunda ndiyo hayajawafikia.

Tangu 2003 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya (WHO) na ya chakula na kilimo (FAO) yanasema tule angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi na mihogo havimo katika hesabu hiyo. Ndiyo ile "tano kwa siku" inayohubiriwa kila mahali, yaani vipimo vitano vya gramu 80 kila kimoja. Kampeni hiyo ilianzia California mwaka 1988, Uingereza ikaanza ya kwake 2003. Haya, tazameni England mwaka 2018, baada ya miaka 15 ya mahubiri: watu wazima waliofikisha vipimo vitano walikuwa asilimia 28. Na hiyo ni nchi tajiri, ambako karibu kila mtu ameshaisikia hiyo "tano" mpaka kaizoea.

Kwa nchi maskini hali ni nyingine kabisa. Utafiti wa PURE, uliohusisha nchi 18 na kuchapishwa 2016, ulipiga hesabu ya vipimo viwili vya matunda na vitatu vya mboga kwa siku kwa mtu mmoja. Katika nchi za kipato cha chini gharama hiyo ilimeza asilimia 52 ya kipato cha kaya. Katika nchi tajiri ilikuwa asilimia 2 hivi. Someni tena: ni mtu mmoja, na ni kipato cha kaya nzima. Kaya ya watu wanne imeshakwama kabla haijanunua chumvi wala kulipa pango. Kumwambia mwenye kaya hiyo "zingatia mlo kamili" ni kumdhalilisha.

Mwenye fedha kidogo hununua shibe kwanza. Wanga, mafuta na sukari vinampa nguvu nyingi kwa fedha chache. Matunda na mboga za majani vina maji mengi na nguvu kidogo, kwa hiyo kila sarafu aliyoweka huko inamrudishia tumbo ambalo halijajaa. Mchumi Merrill Bennett alilionyesha hili mwaka 1941: kipato kikipanda, sehemu ya nguvu inayotokana na vyakula vya wanga hushuka, na vyakula vingine hupata nafasi. Karibuni.

Afisa lishe:

Mkuu, heshima yako, lakini umekimbilia hitimisho. Hiyo asilimia 28 ya England uliyoileta inakuumbua. Kama tatizo ni fedha, wale wenye nazo wamezuiwa na nini? Kule matunda yamejaa na wengi wanaweza kuyanunua, na bado hawali.

Wapo waliodhani kwamba ukimpelekea mtu maskini duka zuri karibu atabadilika. Philadelphia, Marekani, walifungua duka kubwa la vyakula kwenye mtaa uliokuwa hauna, watafiti wakafuatilia. Matokeo yalitoka 2014: wakazi walikiri kwamba sasa upatikanaji ni mzuri, ila ulaji wao wa mboga na matunda haukuongezeka. Mwaka 2019 wachumi wa Marekani wakapima jambo hilo kwa nchi nzima. Wakaona kwamba hata ukiwapa watu wa kipato cha chini bidhaa zilezile na bei zilezile walizonazo wenye kipato kikubwa, unapunguza takriban asilimia 10 tu ya tofauti ya lishe kati yao. Zilizobaki ni tofauti za mahitaji: maarifa, ladha, mazoea. Hapo ndipo kazi yangu ilipo, na haina uhusiano na mabango. Kazi yangu ni kukaa na mtu, kumwonyesha namna ya kupika mboga isipoteze ladha, namna ya kupanga fedha ya wiki.

Mleta mada:

Dada, nashukuru kwa kuja na ushahidi. Ila huo ushahidi unasema jambo dogo kuliko ulilolibebesha.

Philadelphia walisogeza duka. Hawakugusa mfuko wa mtu. Na ule utafiti wa 2019 ulisawazisha bidhaa na bei, haukusawazisha kipato. Watu wawili wakisimama mbele ya bei moja, mmoja ana akiba na mwingine anahesabu mpaka nauli ya kurudia, hawako mbele ya bei moja kwa maana yoyote inayomhusu mnunuzi.

Na hayo mazoea unayoyataja, tujiulize yanatoka wapi. Mzazi mwenye kipato kidogo hanunui chakula ambacho huenda watoto watakikataa, kwa sababu kikikataliwa hakuna cha kukibadilisha usiku huo. Anaenda na kile anachojua kitaliwa na kitaisha. Fanya hivyo miaka 10, miaka 20, ladha ya nyumba nzima inajengeka palepale. Watoto wanakua, wanakuwa watu wazima ambao mtafiti akiwauliza wanasema hawapendi mboga. Halafu sisi tunaandika "mazoea" kana kwamba yalianguka kutoka mbinguni. Ni umaskini wa jana ulioingia ulimini. Mwenye fedha anaweza kumpa mtoto tunda jipya mara 10 akikataa mara tisa, na hasara ya hayo tisa haimsumbui. Kwa hiyo hata hiyo sehemu unayoiita ya elimu, mimi naiona ina mkono wa kipato ndani yake.

New Zealand walipima mambo yetu mawili pamoja, matokeo yakachapishwa 2010. Wanunuzi wa madukani waligawanywa: wengine walipewa punguzo la asilimia 12.5 kwa vyakula bora, wengine elimu ya lishe iliyoandaliwa kwa ajili yao. Waliopata punguzo walinunua zaidi vyakula hivyo. Elimu peke yake haikuleta badiliko la maana.

Muuza matunda:

Wakuu, mimi nauza matunda, na humu naona mnazungumza bei kana kwamba huwa tunaamka tu na kuipandisha.

Mfuko wa unga ukikaa mwezi ni uleule. Tunda lina siku zake. Kuna mzigo uliopondeka njiani, kuna uliovunwa bado mbichi sana, kuna uliopigwa jua mchana kutwa kwa sababu kivuli au friji sina. Kila tunda ninalotupa nalirudishia kwenye bei ya yale yaliyobaki, vinginevyo mtaji unakatika. FAO walikadiria mwaka 2011 kwamba karibu asilimia 45 ya matunda, mboga na mizizi duniani hupotea au hutupwa kati ya shamba na mlaji. Anayelipia hasara hiyo ni mteja wangu.

Kingine. Kwenye mtaa wa watu wa kipato kidogo wateja hununua kidogo kidogo, cha leo kwa leo, kwa sababu nao hawana pa kuhifadhi. Siku malipo ya vibarua yakichelewa, hakuna anayegusa tunda, ila unga utauzwa. Kwa hiyo muuzaji mwenye akili anapeleka kule mzigo mdogo, wa daraja la pili, na bado anaweka bei ya kujikinga. Watu wanasema maskini hapendi matunda. Je, hayo anayoletewa mmeyaona? Barabara, soko lenye paa na chumba baridi cha kukodi kwa bei nafuu vingeshusha bei kuliko semina yoyote. Semina wateja wangu wameshahudhuria.

Mchangiaji mwingine:

Kaka zangu, mmesahau muda. Mboga inataka kuchambuliwa, kuoshwa, kukatwa, kupikwa na kuliwa siku hiyohiyo. Anayefanya hayo katika nyumba nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ni yuleyule aliyerudi saa mbili usiku kutoka kazini akiwa amesimama kutwa. Anachagua kinachoiva upesi na kinachowatuliza watoto. Mpeni punguzo la bei, sawa, atashukuru. Lakini nani atampa hiyo saa moja?

Hapo afisa lishe nakuomba dada, mkiandaa hayo mafunzo ya mapishi, waiteni na wanaume. Katika mikutano niliyohudhuria tunajaa sisi, tunaojua tayari.

Mzee mmoja:

Wanangu, naomba niseme kidogo. Mke wangu alipokuwa hai, mboga ilikuwa mezani kila siku na sikujua imefikaje pale. Tangu alipofariki pensheni ni ileile na soko ni lilelile, ila hamu ya kupika chungu kwa mtu mmoja sina. Nakula mkate na chai. Si kwamba sijui kilicho bora, na fedha ya mboga ninayo.

Afisa lishe:

Shikamoo mzee. Pole sana, na ahsante kwa kulisema waziwazi, maana wengi wa rika lako hulificha mpaka wafike kliniki.

Wadau, hili halikuwa kwenye hoja ya mleta mada wala yangu. Norfolk, Uingereza, maelfu ya watu wenye miaka 50 na kuendelea walichunguzwa katika utafiti wa EPIC. Ilionekana kwamba waliofiwa au kuachana na wenzi wao walikula mboga za aina chache zaidi, wanaume wakiathirika kuliko wanawake, na hali ilizidi pale mtu alipokuwa anaishi peke yake na kuonana na marafiki mara chache. Kwa watu hao kushusha bei hakutafanya lolote. Wanahitaji mahali pa kula pamoja na wenzao. Mleta mada, unayemtetea ni yule asiye na fedha, na katika hilo nakubaliana nawe kwa moyo wote. Mzee wetu huyu unampa nini?

Mleta mada:

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa msiba.

Dada, kwa mzee sina ruzuku ya kumpa. Ningempa meza ya jamii, chakula cha mchana cha pamoja kinacholipiwa na manispaa, na ningekilipia kutoka kwenye fedha ileile ya mabango. Kuna watu wanaokosa mboga kwa sababu ya upweke na kuna wanaokosa kwa sababu ya kukosa muda, kama alivyosema dada hapo juu. Lakini ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema watu bilioni 2.8 hivi hawakumudu mlo bora mwaka 2022. Nikipewa nafasi ya kuanza na kundi moja, naanza na hao.

Mpinga ruzuku:

Mkuu, hapa ndipo unapoteleza. Ukishusha bei ya matunda kwa wote, anayenunua mengi ndiye atakayefaidi zaidi, na huyo ni tajiri. Latvia, nchi ya Ulaya, mwaka 2018 walishusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mboga na matunda yanayolimwa kwao kutoka asilimia 21 hadi 5. Jambo zuri kwenye karatasi, lakini tajiri alipata punguzo lilelile. Na kwenye nchi ambazo maskini ananunua kwa mchuuzi asiyesajiliwa kwenye VAT, kuifuta kodi hiyo kwenye risiti hakumfikii kabisa.

Mleta mada:

Ndiyo maana tangu mwanzo nimesema bei *anayolipa mtu wa kipato cha chini*. Sitaki punguzo la wote, nataka vocha ya mboga na matunda kwa wenye kipato kidogo.

Mifano ipo. Kaunti ya Hampden, Massachusetts, Marekani, mwaka 2011 hadi 2012: familia zilizokuwa tayari kwenye msaada wa chakula zilirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyotumia kununua mboga na matunda. Watu wazima waliomo walikula asilimia 26 zaidi ya wenzao ambao hawakuwekwa kwenye mpango. Hawakufundishwa kupenda mboga. Waliwezeshwa kuzinunua, wakazila.

Belo Horizonte, Brazili, walikwenda njia nyingine kuanzia 1993. Manispaa iliwapa wafanyabiashara sehemu nzuri za kuuzia kwa sharti kwamba bidhaa kadhaa za msingi waziuze kwa bei iliyopangwa, chini ya ile ya soko. Wengine walipewa maeneo hayo kwa sharti la kupeleka mzigo mitaa ya pembezoni mwisho wa wiki. Mfanyabiashara alipata eneo lenye wateja, mkazi wa pembezoni akapata mboga.

Na fedha tusiambiane hazipo. FAO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, la maendeleo (UNDP) na la mazingira (UNEP), walitoa hesabu mwaka 2021 kwamba misaada kwa wazalishaji wa kilimo duniani ilikuwa takriban dola bilioni 540 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake inapotosha bei na kudhuru mazingira. Sukari ni kati ya mazao yanayobebwa zaidi. Matunda na mboga hupata kidogo. Kwa hiyo ruzuku unazozipinga, mkuu, tayari ziko kwenye sahani ya kila mtu, isipokuwa zimewekwa upande wa pili.

Muuza matunda:

Mleta mada, hilo la vocha nimelielewa na naliunga mkono, lakini nina sharti. Mara nyingi mipango ya namna hii huishia kwenye maduka makubwa yenye mashine za kusoma kadi. Mteja wangu akipewa vocha ambayo mimi siwezi kuipokea, atapanda gari kwenda kuitumia mbali, nauli itakula punguzo lake, na mimi nitafunga. Miezi michache baadaye mtaa hautakuwa na tunda hata la daraja la pili.

Mleta mada:

Sharti lako nalipokea lote. Vocha isiyopokelewa na mchuuzi mdogo ihesabiwe kuwa haijatolewa. Malipo ya simu yapo, usajili uwe wa siku moja na usiwe na ada, na mchuuzi alipwe siku hiyohiyo, kwa sababu hawezi kuukopesha mji mtaji wake. Afisa lishe, katika hili nakuomba wewe ujibu: wenzako kazini wangekubali nusu ya bajeti ya matangazo ya mwaka ujao ihamishiwe huko?

Afisa lishe:

Ya matangazo, ndiyo, hata kesho. Ya washauri wanaokaa na watu, hapana, na nitaipigania. Vocha ikifika kwa baba ambaye hajawahi kupika mboga maishani mwake, kuna mtu lazima akae naye jikoni.