Impreza GD imelalia kulia baada ya kufungwa koilova, nianze kurekebisha wapi?

Boksa_Mbezi
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Subaru Impreza GD, tairi 225/45 R17. Imefungwa koilova (shokapu na springi pamoja, zenye kimo cha kurekebisha), zile ambazo hata mguu wa chini (kishikio kinachofungwa upande wa gurudumu) unazunguka kwenye nyuzi. Tangu hapo imelalia kulia. Vipimo kutoka katikati ya haba (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, gari tupu, nusu tenki: mbele kulia mm 331, mbele kushoto 343, nyuma kulia 340, nyuma kushoto 350. Upepo wa matairi uko sawa. Mbele kulia inagonga kila tairi linaposhuka tuta, na nikipiga jeki, springi ya upande huo naizungusha kwa mkono. Fundi anashauri tukaze pete ya springi upande wa kulia mpaka gari linyooke. Je, ni sahihi?

Rodi_na_Bushi
Usikaze bado mkuu. Mlio umeshajieleza: springi imelegea, tairi likining'inia springi inaachana na kikalio (pale inapokaa), likirudi chini inatua kwa kishindo. Koilova za aina yako, kimo cha gari kinapangwa kwenye mguu wa chini. Pete ya springi ni ya kuishika springi tu. Ukishushia gari kwenye pete, springi inalegea kama hiyo yako. Ukipandishia hapo, rodi (chuma cha shokapu kinachoingia na kutoka) inabaki imetoka nje muda wote na tairi linakosa nafasi ya kushuka kwenye shimo.

Inua gari zima, liweke kwenye stendi nne, fungua linki za stabilaiza (chuma kinachounganisha kulia na kushoto) pande zote. Zisipofunguliwa, upande mmoja unauvuta mwingine. Piga nyuzi brashi ya waya na WD-40 kabla ya kuzungusha chochote, kwa sababu pete nyingi ni za alumini na mchanga ndio unaozikwangua. Shusha pete mpaka springi iwe huru kabisa, ipandishe kwa mkono hadi iguse, halafu ongeza nusu mzunguko hadi mmoja kwa spana ya ndoano. Kaza pete ya pili, ya kufungia, chini yake. Fanya hivyo kona zote nne.

Kisha miguu ya chini. Pima kutoka katikati ya tundu la bolti ya juu ya mguu hadi kikalio cha springi. Kulia na kushoto zilingane kwa milimita. Usianze na gari lililopinda ukijaribu kulinyoosha, anza na koilova zilizolingana.

PimaKwanza
Naongezea kuhusu vipimo vyako, kwa sababu vinasema kitu. Mbele tofauti ni mm 12, nyuma ni 10. Bodi ni ngumu, haijikunji, kwa hiyo kona moja ikishuka bodi nzima inalala. Kwa hesabu ya bodi isiyokunjika na springi za nguvu sawa, ukishusha koilova moja mm 20, kona hiyo inashuka kama 15, jirani zake wawili kama 5 kila mmoja, na ya mkabala (kimshazari) inapanda 5. Ndiyo maana tepu peke yake haiwezi kukuonyesha kona yenye kosa. Unaweza kunyoosha gari lako kwa kupandisha nyuma kulia, fenda zikasawazika, lakini uzito ukabaki umekaa vibaya kwenye matairi ya mkabala. Gari la namna hiyo ukifunga breki kwa nguvu tairi moja la mbele linateleza kabla ya mwenzake.

Na mtu akikupa vipimo vyenye tofauti ya 12 mbele na 0 nyuma, mwambie akague sakafu au fenda iliyowahi kugongwa.

Kuhusu mizunguko: weka rula kwenye nyuzi 10. Zikisoma mm 20, mzunguko mmoja ni mm 2. Impreza GD ina strati (shokapu iliyofungwa moja kwa moja kwenye kishikio cha gurudumu) mbele na nyuma, kwa hiyo mm 10 kwenye koilova zote mbili za ekseli ni karibu mm 10 kwenye fenda. Msichukue hesabu hii kwa gari la mikono miwili (wa juu na wa chini kila gurudumu) kama Toyota Altezza. Kule koilova imekaa ndani zaidi ya tairi, na fenda inashuka zaidi ya ulichozungusha.

Boksa_Mbezi
Asanteni sana. Nikishamaliza kusawazisha, napima papo hapo?

Rodi_na_Bushi
Hapana. Ukitoka kwenye jeki matairi yamekanyaga kwa ndani na gari linasoma juu. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, likandamize kila kona, tembea kilomita 10 hivi, ndipo upime.

Kuna bolti watu wanazisahau: za bushi za mikono ya chini. Zilegeze, gari likanyage chini kwa matairi, ndipo uzikaze. Zikikazwa gari likiwa hewani, raba inajipinda muda wote, inalibeba gari juu kwa milimita kadhaa na baadaye inachanika.

PimaKwanza
Kabla ya kuamua ushuke kiasi gani, funga zipu tai kwenye rodi ya shokapu, isogeze hadi kwenye sili, pita kwenye matuta unayopita kila siku. Ikikutwa imesukumwa hadi kwenye raba ya juu, gari liko chini mno, pandisha miguu mm 10 urudie. Ukipandisha, angalia nyuzi zilizobaki ndani ya mguu. Mtengenezaji huandika kiwango cha chini; usikipite, maana nyuzi chache zikibeba gari zinang'oka. Tairi likiwa linaning'inia, hakikisha mpira wa breki na waya wa ABS havijavutika.

Mwisho alaimenti, lazima. Bolti ya juu ya mguu wa mbele ni ya kuzungusha mlalo wa tairi, ipige alama ya rangi kabla ya kuigusa. Gari likishuka, matairi hubadilisha uelekeo, na hapo ndipo tairi linapolika kingo ya ndani.

TokiRenchi
Nati ya rodi juu msiifungue kwa mashine ya upepo. Rodi inazunguka ndani na kuharibu sili. Tumia spana huku umeshika rodi kwa alenki (ufunguo wa pembe sita). Nati za rimu Nm 100, na pete zote zikaguliwe tena baada ya kilomita 100. Taa za mbele nazo zirekebishwe, kwani kimo kikibadilika mwanga nao unahama.