Nchi yangu ya kubuni haina maji. Nani aitawale?

Binti wa Newala:
Wadau, habari za jioni. Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya nchi isiyokuwepo, Litungala, na sura ya nane imenishinda.

Litungala ni uwanda wa juu wenye mchanga mwekundu. Mvua ikinyesha inazama yote, hakuna kijito wala kisima. Upande wa magharibi ardhi inakatika ghafla, mto unauona chini kabisa kama uzi. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda hapa kwetu Newala, anajua nimeitoa wapi. Zao lao ni mlumba, mti ambao kokwa yake ukiipasua inatoa mwanga siku arobaini. Manahodha wa pwani hawang'oi nanga bila hizo kokwa. Kwa hiyo juu kuna mlumba, bondeni kuna maji, pwani kuna majahazi.

Utawala nimempa mfalme wa juu kwa sababu miti yote ni yake. Lakini kila nikimwandika haogopwi na mtu. Nimekosea wapi?

Mkulima Tandahimba:
Mwanangu, mwenye mti hatawali. Nina mikorosho tangu ujana wangu. Mwezi wa sita ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, na bila dawa ya salfa hupati kitu. Salfa hiyo haitoki shambani kwangu. Halafu njaa ya kabla ya mavuno: anakuja mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, na fedha mkononi, anazinunua korosho zikiwa bado maua, kwa bei aitakayo yeye. Stakabadhi ghalani ilipoanza mwaka 2007, korosho zikawa zinapimwa kwenye chama cha ushirika na kuuzwa mnadani, nikashukuru. Hata hivyo msimu mmoja magunia yangu kumi na moja yalilala ghalani, malipo yakachelewa mpaka shule zikafunguliwa, binti yangu akakaa nyumbani wiki tatu. Mali ninayo, nguvu sina.

Upe mlumba wako ugonjwa. Dawa iweke mikononi mwa watu wa pwani. Mizani pia.

Wa Mchinga:
Shikamoo mzee. Dada, mimi nauliza jingine: kwa nini watu wako wanaishi pasipo na maji? Hapo ndipo ningependa kusoma zaidi. Wamakonde walipanda juu wakajificha kwenye vichaka kuwakimbia watekaji wa watumwa. Kiu ilikuwa afadhali kuliko minyororo. Mfalme wa watu kama hao haheshimiwi kwa miti, anaheshimiwa kwa kuwa babu yake ndiye aliyeijua njia ya kichakani. Siku watu wa bondeni wakiijua njia hiyo, amekwisha.

Nachingwea:
Usisahau reli. Kwetu Nachingwea Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947. Ikajengwa bandari Mtwara, ikalazwa reli mpaka huku. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na reli baadaye ikang'olewa. Waliopanga yote hayo hawakuwa na shamba huku.

Binti wa Newala:
Shikamoo mzee, na ahsante sana. Hizo wiki tatu za binti yako zimenikaa moyoni. Sura ya nane nimeifuta yote. Sasa mfalme anateremka pwani mwezi wa sita, kwa miguu, kwenda kukopa dawa, na anayempokea ni mwanamke mwenye mizani. Kaka wa Mchinga, njia ya kichakani naichukua. Reli ngoja kwanza, nitaona inakaa wapi.

Limebaki moja. Bibi yangu alikuwa akiteka maji bondeni: anaondoka alfajiri, anarudi jua limeshapanda. Sijaandika popote nani anamtekea mfalme maji. Huyo mtu anawajua watu wa bondeni kwa majina, maana wanakutana mtoni kila siku. Nadhani sura inaanzia kwake. Mnaonaje, awe mtumishi wa mfalme au mama yake mzazi?