Kwa nini Dodoma tunapata mvua ya mawe lakini hatupati theluji?

Baba Neema (Nkuhungu, Dodoma)
Mbukwenyi ndugu zangu. Binti yangu anasoma Chicago, na jana alinitumia picha ya utabiri wa hali ya hewa wa huko. Nilipoona nyuzi 34 nikampongeza kwa kupata joto kama letu la Novemba. Alicheka sana, kisha akanieleza kwamba Wamarekani hupima kwa Fahrenheit, ambako maji huganda kwenye 32, kwa hiyo 34 ile ni nyuzi moja tu ya Selsiasi. Chini yake kulikuwa na alama tatu zilizonishinda: theluji, vidonge vya barafu na mvua inayoganda ikigusa chini, kila moja na asilimia yake. Naomba mnieleweshe tofauti zake. Tena lipo jambo linalonisumbua siku nyingi: hapa kwetu mawe ya barafu hutuangukia mchana wa joto la Januari, ilhali usiku wa Julai, tunapojifunika mablanketi mawili, haidondoki hata chembe ya theluji.

Mwalimu Mstaafu (Kondoa)
Baba Neema, nitaanza na hilo la mwisho, maana ukilielewa hayo mengine yatakuwa mepesi. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na katika ukanda wetu wa tropiki hufikia sifuri kwenye mita 4,500 hadi 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kina barafu huku watu wa Moshi wakitokwa na jasho. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushei. Wingu la radi la Januari hupanda na kuupita mbali mpaka huo wa sifuri, na humo ndani theluji ipo. Sehemu kubwa ya mvua inayotunyeshea wakati wa radi ilianza safari yake ikiwa barafu. Ila chembe ya theluji ni nyepesi, hushuka kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, na ingehitaji karibu saa nzima kupita mita 3,500 za hewa ya vuguvugu, kwa hiyo huyeyuka zamani. Jiwe lenye ukubwa wa punje ya zabibu hushuka kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde, likatufikia kabla halijaisha. Julai, upepo wa kusi hutuletea hewa kavu, hakuna wingu la maana, na nyuzi 13 au 14 za alfajiri bado ziko mbali na sifuri.

Sasa njoo Chicago. Hewa yote kuanzia winguni hadi ardhini ikiwa chini ya sifuri, inafika theluji. Pakijipenyeza tabaka la joto katikati, theluji huyeyuka ikawa tone. Tone hilo likikuta chini yake hewa baridi iliyo nene, huganda tena likawa kidonge kinachodunda, lakini hewa hiyo ikiwa nyembamba, tone hufika likiwa bado maji na kuganda palepale linapogusa waya, tawi au lami. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuiogopa, kwani barabara huonekana imelowa tu, kumbe ni kioo. Asilimia 40 haina maana ya kunyesha kwa asilimia 40 ya siku. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye utabiri kama huo, nne hivi zitapata mvua.

Mkulima wa Zabibu (Mpunguzi)
Mwalimu ametaja punje ya zabibu, nami zabibu zangu ndizo zilizonifundisha somo hili. Mwaka juzi, Februari, mawe yalipiga shamba langu kwa dakika zisizofika kumi, na bati la banda lilipiga kelele hata hatukusikilizana. Yalipokoma niliokota moja kubwa nikalipasua kwa kisu: ndani lilikuwa na duara jeupe, kisha la kioo, kisha jeupe tena, kama kitunguu. Jirani, mita 400 tu kutoka kwangu, hakupata hata moja. Punje zilizopasuka zilianza kuoza siku ya tatu, nikavuna kabla ya wakati.

Mwalimu, hizo duara zinatokana na nini?

Mwalimu Mstaafu (Kondoa)
Upepo unaopanda ndani ya wingu hulizuia jiwe lisianguke, nalo hugandiwa na matone ya maji baridi sana. Maji yakiganda upesi hufungia hewa ndani, ndilo tabaka jeupe. Yakiganda taratibu hewa hutoka, ndicho kioo.

Binti wa Makete
Naongeza moja tu. Kwetu wageni huamka Julai, wakaona majani meupe na kudai theluji imeanguka. Ile ni sakitu, haianguki kutoka popote: mvuke wa hewani huganda juu ya majani usiku usio na mawingu. Viazi huijua vizuri, asubuhi majani yake huwa kama yamemwagiwa maji ya moto.

Baba Neema (Nkuhungu, Dodoma)
Ahsanteni sana. Nimemsomea Neema maelezo yote kwa simu. Anasema kuna kitu kimeanza kugonga dirisha lake, mlio wake kama mchele unaomiminwa kwenye sinia, nami nimemwambia hivyo ni vidonge, ila asitoke bila kuijaribu lami kwa mguu kwanza.