Mjadala: Ofisa wa uhamiaji akifika shuleni Marekani, mkuu wa shule ampishe au amzuie?

Mleta mada

Wadau, tarehe 20 Januari 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilifuta mwongozo uliowataka maofisa wa uhamiaji wasikamate watu shuleni, hospitalini wala kwenye nyumba za ibada, isipokuwa kwa sababu nzito. Mwongozo wa namna hiyo ulitolewa mwaka 2011 na ukapanuliwa mwaka 2021, lakini haukuwahi kuwa sheria, ndiyo maana waraka mmoja ulitosha kuufuta. Tangu hapo shule nyingi zimebaki na swali moja: ofisa akifika mapokezi akimtaka mwanafunzi, afanyiwe nini?

Msimamo wangu ni kwamba mkuu wa shule aombe hati, aisome mwenyewe, na kama haina saini ya jaji, ofisa asivuke mapokezi. Wengi hudhani kila hati ya kukamata imetoka mahakamani, na hapo ndipo karani wa mapokezi anapobabaika. Karatasi ambayo maofisa hao huibeba mara nyingi ni fomu namba I-200 au I-205: juu ina jina la wizara, chini ina saini ya ofisa mwenzao. Inawapa mamlaka ya kumkamata mtu aliyetajwa, lakini haiwapi ruhusa ya kuingia mahali pasipo wazi kwa umma, kama darasani. Hati inayotoa ruhusa hiyo huwa na jina la mahakama juu na saini ya jaji chini. Kwa hiyo mwalimu anayesema "naomba nione saini ya jaji" anaitaka serikali ifuate utaratibu wake yenyewe.

Mwezi Aprili 2025 maofisa wa wizara hiyo walifika katika shule mbili za msingi za Los Angeles, Lillian Street na Russell, wakisema wamekuja kuangalia hali ya watoto walioingia nchini bila wazazi. Wakuu wa shule zote mbili waliwakatalia, nao wakaondoka. Wizara ilieleza kwamba hawakwenda kukamata mtu, na huenda ni kweli, lakini karani hawezi kuyajua hayo kwa kumtazama mgeni usoni. Septemba mwaka huohuo jimbo la California liliufanya utaratibu huo wa hati ya jaji kuwa sheria kwa shule zake.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, heshima yako ipo, lakini umeirahisisha mno. Shule inaendeshwa kwa fedha za umma, na kila ofisi ya umma ikijichagulia sheria ya kuitii, nchi haitatawalika. Wapo ndugu zetu waliokaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, wakahojiwa na kupimwa mara kadhaa kabla ya kupanda ndege. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba aliyevuka mpaka kimyakimya anakingwa na mwalimu mkuu, usimlaumu akiona ameonewa. Zaidi ya hayo, kumficha mtu asiye na kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, na atakayeshtakiwa ni yule karani, si sisi tunaojadili hapa.

Pia tusisahau yaliyotokea Chicago Januari 2025, katika shule ya msingi ya Hamline. Wafanyakazi waliwazuia maofisa, uongozi ukatangaza kwamba ni watu wa uhamiaji, kumbe walikuwa wa Secret Service, idara inayomlinda rais, wakifuatilia tishio. Siku ile hofu ilienezwa na shule yenyewe. Shule za umma za Denver nazo zilikwenda mahakamani kutaka mwongozo wa zamani urudishwe, na Machi 2025 jaji akakataa kutoa zuio.

Mchangiaji wa pili

Mimi hutafsiri kwa Kiswahili kwenye vikao vya wazazi, wengi wao wakiwa Wakongo na Warundi, katika mji ambao sitautaja. Niliwahi kupewa barua ya uongozi iliyosema, "Watoto wenu wako salama hapa." Niliisoma kama ilivyo. Mama mmoja akauliza, "Na pale kituoni wanaposubiria basi?" Mkuu wa shule alimtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama karatasi zake, na swali likapita bila kujibiwa. Mnabishania mapokezi, wakati wazazi ninaowatafsiria wana wasiwasi na barabara.

Mleta mada

Nianze na ndugu mchangiaji wa kwanza. Kudai hati na kumficha mtu ni mambo mawili tofauti. Kumsukumia mtoto stoo, kumdanganya ofisa au kumzuia kwa mwili ni mambo ninayoyakataa kama wewe. Ya Hamline yanaonyesha tu kwamba karani asome kitambulisho pamoja na hati, na uongozi usitangaze lolote kabla ya kuhakikisha.

Kuhusu kuwakinga wasio na vibali, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kupima haki ya watoto wao shuleni mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Shule za mji wa Tyler, Texas, zilikuwa zikiwatoza watoto wasio na vibali dola 1,000 kwa mwaka. Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ilisema mtoto hawezi kunyimwa elimu ya umma kwa kosa la mzazi wake. Sasa, haki hiyo ina maana gani ikiwa mtoto anaogopa kuitumia? Novemba 2025, operesheni ya uhamiaji ilipoanza katika jiji la Charlotte, North Carolina, wanafunzi zaidi ya 30,000 hawakuonekana shuleni Jumatatu ile, na huwezi kuniambia kwamba wote walitishwa na matangazo ya shule.

Mchangiaji wa pili amegusa penyewe. Shule haina mamlaka yoyote barabarani, kwa hiyo barua ile iliahidi kisichowezekana. Ningependa iandike wazi kwamba ndani ya jengo tutadai hati ya jaji, ila kituoni hatuwezi kumzuia ofisa. Tunachoweza ni kusogeza kituo au kumweka mtu mzima anayefahamika. Iwaambie wazazi pia kwamba sheria ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za wanafunzi, lakini jina, anwani na simu vinaweza kuhesabiwa kuwa taarifa za kawaida ambazo shule inaweza kuzitoa mzazi asipokataa kwa maandishi. Ni wangapi wameelezwa hivyo kwa lugha yao?

Lililobaki sijaliona likijadiliwa popote kwa kina. Walio kwenye kamati za wazazi watueleze: saa tisa alasiri imefika, mzazi hajatokea na simu haipokelewi, shule yenu imeandika mtoto akabidhiwe nani?