Naomba ushauri: kila mlango uwe na mita yake ya umeme

Ndugu zangu, naomba mnishauri. Hapa Bukavu tunaishi familia tisa katika nyumba za serikali zenye mita moja, na kila mwezi bili hugawanywa sawa kwa kila mlango. Mama mjane wa mlango wa mwisho, mwenye balbu mbili na redio tu, hulipa sawa na jirani anayepikia umeme, ingawa jiko la wati 2,000 likiwaka kwa muda wa saa tatu hula uniti 6, kiasi ambacho balbu ya wati 10 ingekitumia kwa saa 600. Jambo hili linaniumiza sana.

Sasa tumeambiwa kila mlango utapewa mita yake ya kulipia kabla. Mimi naunga mkono, lakini nyaya zetu ni za zamani, zimeunganishwa ovyo kutoka chumba hadi chumba, na nahofia mtu atajikuta analipia taa ya jirani bila kujua. Vilevile kuna deni la mita ya zamani, na taa ya uani ambayo hakuna atakayekubali iunganishwe kwake, wakati ndiyo inayotulinda usiku.

Waliokwisha kupitia mabadiliko haya, je, deni mliligawa vipi, na gharama ya kutenganisha nyaya iliwaangukia wapangaji au mwenye nyumba? Na wale wanaopikia umeme, ambao makala (mkaa wa kupikia) ni ghali kwao, mliwasaidiaje?